Feni Kifuani kwa Bi Mize

Aibu hii nimetembea nayo miaka mingi, na lau ningeweza ningeendelea kuificha, lakini Chake Chake ni mji mdogo, na mpaka leo nikiingia dukani kununua hata kiberiti hakosekani mtu wa kuniuliza, "Fundi, feni yazunguka?" duka zima likacheka, basi nimeona bora niisimulie mwenyewe kwa mpangilio wake, mwanzo hadi mwisho, kuliko kuwaachia wanaotia chumvi. (Wapo wanaosema kulikuwa na ngamia. Hakukuwa na ngamia.)

Wakati huo nilikuwa fundi redio pale Madungu. Nilipanga chumba kimoja nikakigawa kwa pazia, mbele natengeneza redio na televisheni za watu, nyuma nalala. Jina langu ni Faki, kwetu ni Kiuyu, lakini wazee wangu wote wawili walikuwa wameshatangulia mbele ya haki, ndugu wa tumbo moja sina, na mjini nilikuwa ni "yule fundi" tu, mtu wa kuachiwa kitu leo na kufuatwa kesho. Redio ya kila nyumba niliijua kwa sauti yake, hii inakoroma, ile inapiga mluzi ukiisogeza karibu na ukuta, lakini ndani ya nyumba zenyewe sikuwahi kukaribishwa zaidi ya kizingitini. Nikishafunga mlango jioni, nilikuwa naziwasha redio mbili tatu kwa pamoja, kila moja stesheni yake, ili chumba kiwe na watu.

Ndipo ikaja kompyuta. Tajiri mmoja aliileta kutoka Dubai akidhani ni aina ya deki ya video, alipoona haimezi kanda akaja kunitupia, pamoja na kisanduku kidogo cha nyaya na kitabu kinene cha Kiingereza. Nilikisoma kitabu kile kwa kamusi, ukurasa mmoja jioni nzima, na nikagundua kwamba mashine ile ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya mambo mawili ambayo hapa Pemba hakuna aliyeyajua wala aliyeyahitaji.

La kwanza wenyewe waliliita spraiti. Nitakuelezeni nilivyolielewa mimi. Ukimchora nzi ukutani kwa rangi, kisha ukataka ahame, itakubidi umfute, upake ukuta upya pale alipokuwa, ndipo umchore kwingine. Lakini nzi wa kweli hutembea juu ya ukuta atakavyo na ukuta hauna habari. Spraiti ni nzi wa kweli. Ni kipicha kidogo ambacho mashine yenyewe inakibeba juu ya picha nyingine bila kuiharibu, unakiambia tu nenda hapa, nenda pale. Yangu ilikuwa na nane, basi, na kila moja nyembamba kama kidole.

La pili lilikuwa kazi ya kile kisanduku. Kisanduku kilipokea picha ya video kutoka kwenye deki, na picha iliyochorwa na kompyuta, kikazilaza moja juu ya nyingine. Rangi za kompyuta zina namba, kuanzia sifuri, na popote ilipopakwa rangi namba sifuri, kisanduku kilitoboa tundu, na kwenye tundu hilo ikaonekana video iliyo nyuma. Ni sawa na kukata tundu kwenye karatasi na kuisimamisha mbele ya dirisha. Kitabu kilikuwa na amri za michoro zilizokwisha kuandikwa, zimewekwa pamoja kama vitabu vya maktaba, wewe unaiazima unayoitaka na kuiunga na nyenzake, na hata hiyo rangi namba sifuri ulikuwa na hiari ya kuipa sura uipendayo, nyekundu, buluu, yoyote. Mwandishi alishauri ipewe rangi ya ovyo, pinki kali ya kuumiza macho, rangi ambayo haitatokea katika picha ya mtu yeyote mwenye akili zake.

Nikaijaribu pinki. Nikaona ni fedheha. Nikafikiri, kanda ikichelewa kuanza, watu watakaa wanatazama kipande cha pinki kama peremende katikati ya nyumba ya heshima. Nikaibadilisha nikaifanya nyeusi. Nyeusi ni rangi ya adabu. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo hivyo, na niliufanya nikiwa nakunywa uji.

Nikaanza kutia majina ya maharusi kwenye kanda za harusi, na maua ya asumini yanayopita juu ya majina. Watu walilipa, walishukuru, wakaenda zao. Hakuna aliyeuliza inakuwaje. Isipokuwa mmoja.

Alikuwa Raya, binti wa Bi Mize, nyumba ya mtaa wa pili kutoka kwangu. Alikuja na shangazi yake kuchukua redio, na kwenye televisheni yangu asumini lilikuwa linapita juu ya maandishi. Akalitazama, akalitazama, akasema, "Ua lile lapita juu ya maneno na neno halifutiki. Vipi?"

Nikamweleza habari ya nzi. Nilieleza kirefu mno (shangazi alipiga miayo mara kadhaa, sikumjali), na Raya akasikiliza mpaka mwisho, akacheka, akasema, "Basi nzi wako mzuri."

Nyinyi mnaokaa na watu hamuwezi kujua uzito wa maneno kama hayo kwa mtu anayewasha redio tatu ili asikie kelele. Wiki ile ile nilimwomba mzee mmoja wa msikitini kwetu aende kunisemea posa, kwa kuwa sikuwa na mzee wangu wa kumtuma.

Jibu lilirudi la upole na lisilo na mwisho. Baba yake Raya alikuwa ameshafariki, walii wake ni kaka yake, Hamad, na Hamad yuko Maskati. Bi Mize hana neno, Raya hana neno, lakini asubiriwe Hamad aseme. Hamad alikuwa ndiye nguzo ya nyumba ile. Alikuwa na kazi kubwa ya ofisini huko Uarabuni, ana nyumba yake, mtaa mzima ulijua, kwa sababu Bi Mize hakupitisha siku bila kuutajia.

Ikawadia harusi ya dada yake Raya, mkubwa wake. Hamad akaleta habari kwamba hapati ruhusa ya kuja, amempa uwakala mjomba wao, Mzee Makame, asimamie ndoa, na yeye ataleta salamu zake kwenye kanda ya video. Mzee Makame akaja kwangu. Alikuwa mtu mrefu, mkali, anayesema na wewe huku anatazama ukuta wako kama anayekagua nyufa.

"Fundi," akasema, "dada yangu ana picha. Kapiga stadio, yeye na mama yetu na wadogo zetu wa kike. Katikati kaacha kiti kitupu, kiti cha Hamad, akirudi akae. Sasa yuwataka siku ya harusi Hamad aonekane kakaa kwenye kiti chake, yuwasema. Waweza?"

Nikasema naweza. Wallahi nilisema kabla hajafunga mdomo. Niliona kwa macho yangu jinsi itakavyokuwa: picha ya familia kwenye televisheni, pale kwenye kiti kitupu napaka umbo la rangi namba sifuri, Hamad anajitokeza katika tundu, anasema, anacheka, na asumini zinaelea juu yao wote. Na Hamad atakaposikia ni nani aliyemkalisha na mama yake, atanikatalia nini?

Kanda ikaletwa na msafiri aliyeshukia Mkoani, na pamoja na kanda akaleta maneno ya mdomo. "Hamad kanambia nikwambie, fundi: uso tu. Aonekane uso tu."

Nikaitazama peke yangu, mlango nimeufunga. Hamad alikuwa amekaa katikati, kanzu nyeupe, kofia mpya, na uso wake ulijaa vizuri kabisa mahali pa kiti. Lakini kamera ilikuwa imechukua na chumba. Vitanda vya chuma vya ghorofa pande zote mbili. Nguo zimetundikwa kwenye kamba. Feni ya sakafuni, sufuria juu ya jiko la umeme, mtu amelala kitanda cha juu kajifunika mpaka kichwa, na ukutani limening'inia vazi la kazi la rangi ya chungwa, na fagio refu limeegemezwa chini yake.

Nilijua harufu ya chumba kile bila kuinusa. Kisha nikajiambia, hili si langu, na bahati nzuri picha ya familia itafunika kila kitu isipokuwa tundu la kiti. Nilifurahi hata. Nilijiona kuwa mimi na shemeji yangu mtarajiwa tuna siri moja.

Sasa sikilizeni palipoharibikia. Nilitaka picha ya familia mapema nifanye majaribio. Mzee Makame akakataa. "Picha ya wanawake hailali kwa mwanamume asiye jamaa," akasema, na alikuwa na haki yake, hayo ndiyo mambo yetu. Basi nikajaribia picha ya watoto wa chuo cha Kurani, wote kanzu nyeupe na kofia nyeupe, nikawatobolea tundu katikati, nikaweka kanda, Hamad akatokea kati ya watoto vizuri kama mwalimu wao. Nikaridhika.

Siku ya harusi, baada ya adhuhuri, Mzee Makame akaileta picha imezungushiwa kanga. Akanisimamia kichwani nikiipiga kwa kamera na kuiingiza kwenye mashine, nikakipaka kiti namba sifuri, nilipomaliza akaizungushia tena kanga akaondoka nayo. Wanawake watano, wamekaa wima, nyuso wazi, na kuanzia shingoni mpaka miguuni, buibui. Nyeusi tii.

Mashine ile haikuwa na rangi nyingi. Ilikuwa lazima izikusanye zinazofanana izipe namba moja. Ilipofika kwenye mabuibui ikatazama katika orodha yake ya rangi, ikakuta nyeusi ipo tayari, nimeiweka mimi mwenyewe, namba sifuri. Ikayapa hiyo. Na mimi sikuona kitu, kwa sababu nyeusi ni nyeusi.

Harusi ilipangwa hivi. Wanawake ukumbini, na televisheni yao. Wanaume uani chini ya turubai, na televisheni yao. Mimi nikawekwa katikati, kwenye ushoroba, na deki, kisanduku, kompyuta na kioo changu kidogo cha kufanyia kazi, kushoto mlango wenye pazia wa kwa wanawake, kulia dirisha la kwa wanaume. Nyaya zikapita huku na huku. Na kioo changu (zingatieni hapa) kilikuwa kinaonesha picha ya kompyuta peke yake, bila video. Yaani katika nyumba nzima, mtu pekee asiyeona walichokiona wote nilikuwa mimi.

Baada ya swala ya alasiri nikaambiwa tayari. Nikaweka picha ya familia. Nikasikia wanawake, "Aaa! Mashallah!" Nikabonyeza deki.

"Asalaam alaykum mama yangu," ikasema sauti ya Hamad, na vigelegele vikapasua paa. Nikaachia asumini la kwanza.

Kisha upande wa wanawake mtu mmoja akacheka. Kicheko kifupi, cha kushtukizwa. Kisha wa pili.

"Alaa! Bi Mize! Kifuani mwako mwazunguka n'ni?"

"Feni!"

"Jamani yuna feni kifuani!"

"Ndiyo maana huyu hatoki jasho!"

Nikadhani ni masihara yao ya harusi. Nikatabasamu peke yangu ushorobani, nikaachia asumini la pili. Uani nako kukaanza.

"Na yule bi kizee, tumboni mwake si sufuria ile?"

"Sufuria n'ni?"

"Sufuria! Yafuka moshi!"

"Ni ya pilau hiyo, harusi itakuwaje bila pilau?"

Kicheko kikawa kikubwa, pande zote mbili, mpaka sauti ya Hamad ikawa haisikiki. Dirishani kikaingia kichwa cha Mzee Makame, na safari hii hakuutazama ukuta.

"We Faki! Wanawake zetu umewafanya n'ni?"

"Mzee, kuna nini?"

"Njoo utazame! Toka ndani humo njoo utazame!"

Nikachungulia dirishani. Walikuwa pale kwenye televisheni, nyuso tano tulivu za heshima, na chini ya nyuso, mahali pa mabuibui, kilikuwa chumba cha Maskati. Bi Mize kifua chake chote ni feni, yazunguka. Mama yake tumbo ni sufuria. Mdogo wake, Bi Time, kuanzia shingoni mpaka chini ni kitanda cha chuma. Kila mmoja alikuwa amekatwa kipande cha chumba kile kwa umbo la mwili wake, na katikati kwenye kiti Hamad anasema, "Nyumba yangu kubwa, mama, nakaa kwa nafasi, hata chumba cha wageni kipo," na wakati huo huo yule mtu aliyelala akaamka, akajifunga shuka, akaanza kuteremka kitandani kwa mgongo.

"Mwanamume!" ikapigwa kelele ukumbini. "Mwanamume ndani ya buibui la Bi Time!"

"Na mumewe yuko uani hapa anatazama!"

"Mtoe! Mtoeni kabla hajavaa!"

Nikarukia deki kuizima. Kidole kiko juu ya kitufe, nikasikia sauti ya Bi Mize kutoka nyuma ya pazia, ikipita juu ya vicheko vyote. "Asiizime! Mwanangu hajamaliza kusema!"

Nikabaki nimeinua kidole.

"Basi ziba!" akanguruma Mzee Makame dirishani. "Hukuleta maua? Zibia maua!"

Na mimi, badala ya kufikiri, nikatii. Ningeweza kuyapaka mabuibui yale nyeusi ya namba nyingine, kitabu kilinifundisha, lakini mtu anayechekwa na mtaa mzima hakumbuki kitabu. Nikaanza kuyasogeza maua, mimi sioni chumba, kwenye kioo changu ni buibui jeusi tu, na Mzee Makame ananiongoza kutoka dirishani kama mtu anayeelekeza lori linalorudi nyuma.

"Kushoto! Kushoto! Kushoto kwangu, si kwako! Teremsha. Hapo. Sasa lile vazi, liko begani mwa mama. Juu! Umepita! Rudi!"

Maua nane, membamba kama kidole. Chumba kizima. Ua moja likaziba kishikio cha sufuria. Moja likamkaa Hamad puani. Moja nililipeleka haraka kwa yule mwenye shuka, naye wakati huo ameinama kuokota kitu chini, na likatua pale pasipotajwa, likatulia, jeupe, kana kwamba limeota hapo. Kelele iliyopigwa nadhani waliisikia hadi sokoni.

Halafu kicheko kikaanza kufa. Hakikukatika, kilipungua, mtu mmoja mmoja, kama mvua inavyoacha. Walikuwa wamechoka kucheka na sasa wanatazama. Nikasikia mwanamke akisema kwa sauti ndogo, "Lile si vazi la wafagiaji?"

Na sasa, pande zote mbili, kwa mara ya kwanza sauti ya Hamad ikasikika vizuri. "Ofisini kwetu, mama, wananiheshimu sana."

Nilikaa juu ya kigoda changu nikatazama mikono yangu. Kanda ikafika mwisho, ikajikatia.

Pazia likasogea. Bi Mize alisimama upande wa pili, nikaona vidole vyake vimeshika ukingo wa kitambaa, vina hina mpya.

"Faki, mwanangu."

"Naam, Bi Mize. Nisamehe, Bi Mize, mimi…"

"Rudisha kanda nyuma. Kisha hiyo picha yetu itoe."

"Bi Mize, ikitoka picha kitaonekana chumba kizima."

"Itoe. Miye najijua nilivyo. Nataka kumuona yeye, na anapolala."

Ni amri moja tu, kupaka kioo kizima namba sifuri. Nikaipaka. Picha ikatoweka na maua nikayaondoa, na Hamad akabaki peke yake na chumba chake, mbele ya jamaa zake wote. Wakamtazama tena kutoka mwanzo. Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja alikuwa analia kwa kujizuia, sijui nani. Yule mtu akaamka tena, akateremka tena na shuka yake, na uani mzee mmoja akasema, "Maskini, naye kachoka." Basi.

Harusi ikaendelea, maana harusi haisimami. Nikakunja nyaya zangu. Pilau ikapakuliwa ukumbini, ikapakuliwa uani, sinia moja kwa watu wanne, na mimi niko ushorobani katikati ya harufu mbili. Naamini hakuna aliyekusudia kuninyima. Kila upande ulidhani nimo upande wa pili. Niliibeba kompyuta begani nikatoka kwa mlango wa nyuma, na kumbukeni hii ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia ndani ya nyumba ile.

Mji ulifanya kazi yake. Watoto walinifuata wakizungusha mikono. Redio ya kina Bi Mize ilipoharibika aliileta jirani. Raya nilimuona mara moja, upande wa pili wa barabara na shangazi yake, akasita, akainamisha kichwa, wakapita. Mzee wa msikitini nilipomuuliza habari ya posa alisema, "Subiri, bado walii hajasema," akanipigapiga begani, na niliona huruma yake nikajua.

Bi Mize alikuwa amempelekea mwanawe neno moja: rudi. Na Hamad akarudi. Nilisikia ameshuka Mkoani asubuhi na begi moja, na kwamba mama yake alikwenda mwenyewe kumpokea, yeye ambaye hatoki, na akamshika mkono njia nzima kama mtoto.

Baada ya siku chache akaja kwangu. Niliutambua uso kabla hajasalimia. Uso ule nilikuwa nao chumbani kwangu kwa majuma. Nikampa kiti, nikamtilia chai, akakaa akatazama ile mashine.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

"Nilikwambia uso tu."

"Uliniambia."

"Nami najua hukukusudia. Mama kanieleza. Kasema lau si wewe ningezeekea kule nikimdanganya." Akanywa chai. "Faki, posa yako nimeikataa. Nimekuja kukwambia mwenyewe, nisikutumie mtu."

Nikasema sawa. (Nini kingine mtu husema?)

"Mji mzima umekiona chumba changu, lakini wao waliona kwa bahati mbaya. Wewe ulikiona kabla yao, umekaa peke yako, ukanihurumia. Kila Iddi ungekuwa umekaa mbele yangu na huruma hiyo. Siwezi, ndugu yangu. Dada yangu nimekunyima. Chai yako siinyimi."

Akasukuma kikombe, nikamjazia. Tukakaa. Nilikuwa na redio moja imewashwa, nikaizima, na ndipo nikatambua kwamba tangu nihamie chumba kile hakuna mtu aliyewahi kunywa kikombe cha pili.

"Walicheka sana?" akauliza.

"Mwanzo, sana."

"Na mama?"

"Mama hakucheka."

Akatikisa kichwa taratibu, akamaliza chai yake, akaaga. Hakuja tena, na sikumlaumu.

Raya aliolewa Wete, na nasikia ana watoto. Mimi bado ni fundi, na kazi ya kuonesha watu picha bado naifanya, mashine zimekuwa nzuri zaidi na rangi hazina idadi. Lakini nimejiwekea sharti moja, na wanaoniita nawaambia kabla ya kukubaliana jambo lolote: ushorobani sikai. Nyaya zirefushwe, wakitaka ziungwe mara tatu, nitakaa ndani pamoja na watu, hata kama ni nyuma kabisa mlangoni penye viatu, nitazame kile wanachokitazama wao. Wakicheka, nijue wanacheka nini. Na pilau ikipakuliwa, aonekane mtu ambaye bado hajapata.